Boksi limeandikwa Bluetooth 5.3 lakini muvi haifiki: tuongee kasi ya kurushiana mafaili

#1 Kapasita

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki humu jukwaani bila mtu kuleta lalamiko hili: kanunua simu mpya, boksi limeandikwa Bluetooth 5.3, lakini akimrushia mwenzake muvi kwa Bluetooth anaweza kwenda sokoni, akapika, akala, na muvi bado iko asilimia 60. Majibu anayopewa tunayajua: simu feki, zima uwashe, rudi dukani ukagombane na muuzaji. Simu yake haina tatizo. Kasi ya kurusha faili kwa Bluetooth imeganda tangu 2004, na ile namba ya kwenye boksi haihusiani nayo.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa. Kasi ya mawimbi huandikwa kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps. Ukubwa wa faili huandikwa kwa megabaiti, MB. Baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo muvi ya MB 700 ni megabiti 5,600 za kusafirisha.

Bluetooth ya kwanza, ya 1999, ilikuwa na 1 Mbps hewani, na ukitoa maongezi ya chipu mbili kukumbushana nani atume na nani asikilize, inabaki kama 0.7. Mwaka 2004 likaja toleo la 2.0 lenye EDR, nyongeza ya kasi: 3 Mbps hewani, mkononi unapata kama 2.1. Gawa 5,600 kwa 2.1. Ni karibu dakika 45, na hapo simu zimelazwa pamoja mezani na hakuna anayepita katikati.

Sasa hii 4.0, 5.0, 5.3 imetoka wapi? Mwaka 2010 ndani ya Bluetooth iliwekwa redio ya pili, inayotumia umeme kidogo mno, kwa ajili ya saa za mkononi, mizani, vipima mapigo ya moyo na vitu vya aina hiyo. Desemba 2016 walipotangaza Bluetooth 5 kwa mbwembwe, "kasi mara mbili, umbali mara nne", walikuwa wanaisema redio hii ya pili. Kutoka 1 Mbps kwenda 2. Tena hivyo viwili huvipati kwa pamoja: ukitaka umbali, kasi inashuka hadi kwenye kilobiti 125 kwa sekunde (kbps). Muvi yako inapita kwenye redio ya zamani, ile ya 2004.

Kinachouma ni kwamba iliwahi kupangwa Bluetooth iwe na kasi ya ajabu. Mwaka 2002 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliruhusu matumizi ya bendi pana sana, 3.1 hadi 10.6 GHz, bila leseni, kwa sharti kwamba mawimbi yawe hafifu kiasi cha kutomsumbua mtu mwingine. Hiyo ndiyo UWB (Ultra-Wideband). Wahandisi wakaona mwanya: bendi pana namna hiyo inabeba data nyingi kwa umbali mfupi bila kunyonya betri. Kamati ya IEEE, umoja wa wahandisi unaoandika viwango vya teknolojia, ikakaa kuandika kiwango kimoja, ikagawanyika. Upande mmoja kundi lililokuja kuitwa WiMedia, upande wa pili kambi ya Motorola na baadaye Freescale. Walivutana miaka, hakuna aliyefikisha kura za kutosha, na Januari 2006 kamati ikavunjwa. Machi mwaka huo huo wasimamizi wa Bluetooth wakaamua kwenda na WiMedia. Ahadi ilikuwa 480 Mbps ndani ya mita 3. Muvi ile ile ya dakika 45 ingekwenda kwa sekunde 12, kwa hesabu ya karatasini.

Chipu zikachelewa, zilipokuja zikawa ghali, na wakati huo Wi-Fi ilikuwa tayari inaingia kwenye kila simu. Mwaka 2009 WiMedia ikakabidhi kazi yake kwa wengine na kujifunga. Aprili mwaka huo ikatoka Bluetooth 3.0 yenye HS (High Speed, kasi kubwa), na badala ya UWB ikaazima redio ya Wi-Fi iliyokuwemo ndani ya simu: hadi 24 Mbps. Simu chache sana ziliifanyia kazi. Nyingine ziliandikwa 3.0 bila hiyo HS, kwa hiyo mnunuzi alipata namba tu. Na sehemu hiyo ya kasi ilifutwa rasmi 2021, kwenye toleo gani? 5.3. Yaani namba unayojivunia kwenye boksi ndiyo ya toleo lililoizika Bluetooth ya kasi.

Wenye swali karibuni.

#2 Nyuki Dume

Umeupiga mwingi mkuu. Mimi nilijua 5.3 ni kasi 5.3 ya kitu fulani 😂

#3 Mwana wa Gerezani

Naweka kambi hapa. Vijana wa sasa hawajui tulikotoka. Infraredi! Mnalaza simu mbili vichwa vikitazamana, mnashika pumzi, mtu akipitisha mkono tu wimbo umekatika, mnaanza upya.

#4 Kapasita

@Mwana wa Gerezani hiyo ndiyo IrDA, umoja wake uliundwa 1993. Simu nyingi zilikuwa na kasi ya 115.2 kbps. Wimbo wa MB 3 ulikuwa dakika tatu na nusu hivi, karibu urefu wa wimbo wenyewe, kwa hiyo ungeweza kuuimba wote wakati unausubiri. Viwango vya baadaye vilifika 4 Mbps na hata 16, ila simu za mtaani hazikuvipata. Ukitazama hivyo, Bluetooth ilipokuja na 0.7 Mbps, tena simu ikiwa mfukoni, ilikuwa maendeleo makubwa.

#5 Shoka Jipya

Mleta mada mbona unaizungumza Bluetooth kama imefeli? Kila mtu mjini ana iyafoni zisizo na waya masikioni. Hizo zinaendeshwa na nini, kuni?

#6 Kapasita

Haijafeli, mkuu. Imefanikiwa kwenye kazi iliyoumbiwa. Ilianzia Ericsson kule Sweden miaka ya 90 kama njia ya kuondoa waya mfupi, siyo kuhamisha maktaba ya muvi. Sauti ya kawaida kwenye iyafoni inakula kama 328 kbps. LDAC, mfumo wa Sony wa kubana sauti ambao wapenda muziki wanausifia, mwisho wake ni 990 kbps. Kwa kazi hiyo 2 Mbps inatosha na chenji inabaki. Na kasi ina bei yake kwenye betri: redio ya Bluetooth ya kawaida inatoa miliwati 2.5 hivi, Wi-Fi mara nyingi inakwenda hadi miliwati 100. Weka Wi-Fi kwenye kiyafoni chenye betri ya ukubwa wa punje ya maharage uone kama kitamaliza nyimbo za albamu moja.

#7 Binti Ununio

Kwa hiyo Xender na programu nyingine za kurushiana mafaili zinatumia nini? Maana mimi muvi inafika haraka, na mwanzoni inaniambia niwashe Bluetooth NA Wi-Fi NA lokesheni. Nikiwasha vyote vitatu najiona kama nafungua duka la mawasiliano.

#8 Kapasita

Swali zuri dada. Bluetooth hapo ni mshenga tu. Inakwenda kubisha hodi, inatambulisha pande mbili, wakikubaliana inakaa pembeni na mzigo wote unabebwa na Wi-Fi.

Kwa undani kidogo: simu yako inatangaza kwa Bluetooth, "niko hapa, naitwa fulani". Ya mwenzako inasikia. Wanapeana jina na nywila ya mtandao wa muda, kisha simu moja inageuka kituo cha Wi-Fi na nyingine inajiunga. Hakuna mnara wala ruta hapo katikati. Mfumo unaitwa Wi-Fi Direct, vyeti vyake vilianza kutolewa 2010. Kwenye Android ukichungulia wakati huo utaona simu iliyo kituo imejipa anwani 192.168.49.1. Baada ya hapo faili linakwenda kama linavyokwenda kwenye mtandao wowote. AirDrop ya Apple, ya 2011, ina mtindo huo huo wa Bluetooth kuanzisha na Wi-Fi kubeba. Nearby Share ya Google, ya 2020, nayo hivyo hivyo; Januari 2024 waliiunganisha na ya Samsung, sasa inaitwa Quick Share na kwenye Android nyingi imo tayari, huna haja ya kupakua chochote.

#9 Pwani254

Hamjambo wa Bongo. Niko Mombasa, nafuatilia kimya kimya. Hilo la lokesheni ndilo linanikera. Kurusha picha ya harusi kwa dadangu aliyeketi hapa kando yangu, programu yataka kujua niko wapi kwa sababu gani?

#10 Kapasita

@Pwani254 karibu sana. Sababu ni kwamba orodha ya Wi-Fi na Bluetooth zilizo karibu nawe inatosha kukisia mahali ulipo, maana ruta za watu hazihami ovyo. Kwa hiyo kuanzia Android 6 ya 2015, programu ikitaka kuona orodha hiyo lazima iombe ruhusa ya lokesheni, hata kama lengo lake ni kumtafuta dada yako tu. Android 12 ya 2021 ilileta ruhusa ya peke yake ya vifaa vilivyo karibu kwa upande wa Bluetooth, na Android 13 ya 2022 ikaongeza Wi-Fi. Ikiwa simu yako ni mpya na programu bado inang'ang'ania lokesheni, basi ama haijaboreshwa ama inataka lokesheni kwa shughuli zake nyingine.

#11 Mama Ntilie Mtandaoni

Na matangazo je? Hizo programu siku hizi zimejaa habari za umbea na video za ajabu, kitufe cha kutuma unakitafuta kwa tochi. India walizifungia zote mbili, SHAREit na Xender, Juni 2020, kwenye ile orodha ya programu 59 za Kichina.

#12 Kapasita

Hilo la India lilikuwa na siasa za mpakani ndani yake. Lakini Februari 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilichapisha mapungufu iliyoyakuta kwenye SHAREit ya Android, ambayo yangemwezesha mtu mbaya kuendesha msimbo wake (maagizo ya kompyuta) kupitia programu hiyo. Ushauri wangu: kama Quick Share imo kwenye simu, hizo nyingine za nini?

#13 Mwana wa Gerezani

Virusi kwenye mawimbi si jambo la jana wala juzi. Mnaikumbuka Cabir ya 2004? Simu za Symbian, mfumo wa Nokia nyingi za enzi hizo, ukiacha Bluetooth wazi inakuletea ujumbe wa kupokea faili. Ukikataa inarudi. Ukikataa inarudi. Watu wanakubali ili wapumue. Agosti 2005 ilisambaa uwanjani Helsinki kwenye mashindano ya dunia ya riadha, watu wamebanana jukwaani, mita kumi zinatosha kabisa.

#14 Nyuki Dume

Enzi hizo ukipanda daladala unafungua Bluetooth unaona majina: "Mtoto Mzuri", "Usinisumbue", "Mume wa Mtu". Raha tupu.

#15 Chaja Moja

Mimi hoja yangu ni hii. Natumia hiyo hiyo Quick Share. Nikimrushia rafiki yangu mwenye simu kubwa, inakwenda chap. Nikimrushia shemeji, simu yake ya bei nafuu, inatambaa. Simu yangu ni ile ile, sebule ile ile. Kwa nini?

#16 Kapasita

Kasi inaamuliwa na simu dhaifu kati ya hizo mbili. Simu nyingi za bei nafuu zina Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake, na antena moja. Hapo chipu zenyewe zinakubaliana 72 Mbps, mkononi unapata 40 hadi 50. Muvi ya MB 700 ni kama dakika 2. Simu yenye 5 GHz, hata kwa antena moja tu, inakubaliana 433 Mbps, na mkononi 200 hadi 300 inawezekana. Muvi ile ile, sekunde 20 na ushee. Zenye antena mbili na Wi-Fi 6 zinapanda hadi 1,200 za karatasini.

Halafu 2.4 GHz ina foleni. Bluetooth yenyewe iko humo humo, inarukaruka kwenye njia 79, mara 1,600 kwa sekunde, ikikwepa wengine. Ruta ya jirani imo humo. Oveni ya maikrowevu nayo imo humo. Shemeji akiwa na iyafoni masikioni anasikiliza muziki huku anapokea faili, redio hizo mbili zinagawana zamu, mara nyingi kwenye antena moja. Mwambie avue iyafoni kwanza, utaona tofauti.

#17 Kipima Joto

Kuna na hili watu hawalitaji: memori kadi. Mtu anapokea faili moja kwa moja kwenye kadi ya bei ya karanga. Kadi ya Class 4 imehakikishiwa kuandika MB 4 kwa sekunde. Hata ukimrushia kwa kasi ya mwanga, muvi ya MB 700 itachukua karibu dakika 3 kuingia. Class 10 ni MB 10 kwa sekunde. Na kadi feki haifiki hata huko. Pokea kwenye simu, kisha hamisha usiku ukiwa umelala.

#18 Kapasita

@Kipima Joto asante, hilo ni la msingi kabisa.

#19 Shoka Jipya

Haya yote ya nini? Chukua waya wa USB, chomeka, maliza. Waya haujawahi kumwangusha mtu.

#20 Kapasita

Mkuu, tundu la USB-C halimaanishi kasi ya USB-C. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati zina tundu jipya lakini ndani yake ni USB 2.0, ambayo ni 480 Mbps, ya mwaka 2000. Hata iPhone 15 ya kawaida iko hivyo. 15 Pro ndiyo yenye 10 Gbps, yaani Mbps 10,000. Kwa hiyo simu mbili zenye Wi-Fi 6 zikikaa karibu zinaweza kuupita huo waya wako. Kwa GB 50 za picha kwenda kwenye laptopu bado nami nachagua waya, kwa sababu haukatiki njiani. Lakini si kwamba siku zote una kasi zaidi.

#21 Binti Ununio

Je, inakula bando? Mama yangu anakataa kabisa kupokea kitu kwa Quick Share, anasema data itaisha.

#22 Kapasita

Haili hata shilingi. Mawimbi yanatoka simu hii kwenda ile, hayagusi mnara. Ila hakikisha kwenye mipangilio ya Quick Share haujaruhusu itumie data ya simu. Na mkitumia njia ya hotspoti, mwenye hotspoti azime data kwanza, maana simu ya mgeni ikijiunga inaweza kujidhania iko kwenye Wi-Fi ya bure na kuanza kuboresha programu zake zote. Hapo bando litakwenda kweli na mama atakuwa sahihi.

#23 Chaja Moja

Na iPhone kwenda Android? Mke ana iPhone, mimi Android. Tunatumiana picha kwa WhatsApp, zinafika zimefifia.

#24 Kipima Joto

Jibu: LocalSend. Ni programu ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, haina matangazo, ipo kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Simu zote mbili ziwe kwenye Wi-Fi moja. Kama hakuna ruta, Android ndiyo ifungue hotspoti, si iPhone, kwa sababu iPhone hutaka data iwe imewashwa ndipo itoe hotspoti. Chagua bendi ya 5 GHz kwenye mipangilio ya hotspoti. Picha zinafika kama zilivyopigwa.

#25 Kapasita

Naongezea: Novemba 2025 Google walitangaza kwamba Quick Share inaongea na AirDrop, wakaanza na Pixel 10. Kwa wengi wetu huku LocalSend bado ndiyo njia.

#26 Pwani254

Na hiyo UWB uliyosema ilikufa, mbona naisikia kwenye simu za bei kali?

#27 Kapasita

Ilirudi na kazi nyingine. Mwaka 2019 Apple waliiweka kwenye iPhone 11, chipu ya U1. Haibebi muvi, inapima umbali kwa kuhesabu muda wa wimbi kwenda na kurudi, na uelekeo kwa kulinganisha wimbi linavyofika kwenye antena zake. Ndiyo inayokuelekeza AirTag, kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu, iko chini ya mto gani wa kochi, na ndiyo inayotumika kwenye funguo za magari za kwenye simu.

Kuna na wengine waliojaribu kasi ya karibu wakaishia njiani. Sony walionyesha TransferJet 2008: unagusanisha kamera na simu, sentimita 3, 375 Mbps halisi. Nzuri sana, lakini nani mwingine alikuwa nayo? WiGig ilipanda hadi 60 GHz na kufika karibu 7 Gbps, ila mawimbi ya huko hayapiti ukuta, na hata kiganja kinayazuia. Wote walikuta Wi-Fi imeshawahi kiti.

Kwa upande wa Bluetooth, sasa wanaandaa toleo la hadi 8 Mbps, na wanafanyia kazi kupanda bendi za 5 na 6 GHz. Ukikutana na tangazo la "Bluetooth ya kasi mpya", gawa hiyo 8 kwa biti 8, ni MB 1 kwa sekunde. Muvi yetu inashuka kutoka dakika 45 hadi 12. Kwa sauti nzito na michezo itasaidia sana, kwa muvi endeleeni na Quick Share.

#28 Mlinzi wa Zamu

Samahani nimechelewa kufika. Nina laptopu, nikichomeka diski ya nje kwenye tundu la bluu, mausi yangu isiyo na waya inaanza kurukaruka. Inahusiana?

#29 Kapasita

Inahusiana moja kwa moja. Tundu la bluu ni USB 3.0, na nyaya zake zikifanya kazi zinatoa kelele kwenye 2.4 GHz. Intel wenyewe waliandika kuhusu hilo 2012. Hamishia kidude cha mausi tundu la upande wa pili wa laptopu, au kichomeke kwa waya mfupi wa kurefushia ili kikae mbali na diski.

#30 Mlinzi wa Zamu

Nimehamisha upande wa pili. Imetulia. Nilikuwa nakaribia kuitupa hiyo mausi.

#31 Mama Ntilie Mtandaoni

Swali la mwisho toka kwangu. Video ya sendoff, GB 5, inarushwa vizuri kwa Quick Share hadi mwisho, halafu nikitaka kuihamishia kwenye memori kadi inaniambia haiwezekani. Nafasi ipo GB 20.

#32 Kipima Joto

Kadi yako ipo kwenye mfumo wa FAT32, faili moja haliruhusiwi kuzidi GB 4 hata kama nafasi ipo tele. Toa vitu vyote vilivyomo, iweke kwenye kompyuta, iformati kwa exFAT. Kama simu ni ya zamani sana angalia kwanza kama inaisoma exFAT. La sivyo mwambie mpiga video akukatie vipande viwili.

#33 Mama Ntilie Mtandaoni

Mpiga video mwenyewe hapokei simu tangu nimalizie deni lake. Ngoja niiformati.